Kupanda Mchongoma: Joto la Bamba na Mparuzo wa Tando za Kikaboni

Shikamooni wakubwa wangu. Vijana, hamjambo? Walimu, ahsanteni kwa kunikaribisha, na shukrani za pekee kwa aliyefikiria kuniwekea feni hapa mbele, maana nimekuja kuzungumzia joto na sikutaka mwili wangu uwe kielelezo cha somo.

Mnaona picha mbili ukutani, A na B. Kila moja ni picha ya uso wa kipande cha silikoni kinacholingana na ukucha wa kidole gumba, kilichopakwa dutu iitwayo pentasini. Dutu ni ileile, unene wa utando ni uleule, mashine ni ileile na mikono ni hii hii yangu. Tofauti ni moja tu. Bamba moja lilikuwa kwenye nyuzi 27 za Selsiasi wakati utando ukiota juu yake, na la pili lilikuwa kwenye nyuzi 67. Sijaandika lipi ni lipi. Mtaniambia nyinyi tukimaliza.

Nimeuliza swali hili mara nyingi, na majibu huwa mawili. Wapo wanaosema penye joto zaidi uso utakuwa laini zaidi, kwa kuwa joto husawazisha, kama samli inavyotandaa kwenye kikaango. Wengine, hasa waliowahi kuunguza ugali, husema kinyume chake. Leo nataka kuwaharibia majibu yote mawili. Joto la bamba halina upande. Linafungua milango kadhaa kwa mpigo, mmoja unaulainisha uso, mwingine unaukwaruza, na ukitaka kujua matokeo lazima kwanza ujue ni mlango upi uliokuwa mwembamba.

Nianze na kafuri. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kafuri ni nini. Kiache kipande chake wazi kwenye kisahani, rudi baada ya siku kadhaa, hukikuti. Hakikuyeyuka wala hakikumwagika. Kilikuwa mango kikageuka mvuke moja kwa moja. Nafthalini, zile gololi nyeupe za kufukuza nondo kabatini, hufanya vivyo hivyo. Sasa, molekuli ya nafthalini ni pete mbili za benzini zilizoshikana ubavu kwa ubavu. Ongeza pete ya tatu, umepata anthrasini. Ya nne, tetrasini. Ya tano ndiyo pentasini yetu: kaboni 22 na hidrojeni 14, kijibao kirefu chembamba cha karibu nanomita moja na nusu, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Nayo hugeuka mvuke bila kupitia hali ya kimiminika, isipokuwa inadai joto kubwa zaidi, na inadai ombwe.

Kwa hiyo tunatumia chumba cha chuma. Pampu huinyonya hewa mpaka inabaki pungufu ya sehemu moja katika bilioni ya hii tunayoivuta hapa. Chini kuna kikombe chenye unga wa pentasini, kinapashwa polepole. Molekuli zinapaa, zinanyoosha njia bila kugongana na chochote, na juu zinakutana na bamba lililogeuziwa uso chini. Zinanata. Kasi ni ya kobe: nanomita moja kwa dakika, mara nyingi pungufu ya hapo. Utando wa nanomita 50 unakula karibu saa nzima, na ukimaliza, unywele mmoja wa kichwa chako bado ni mnene kuuzidi mara elfu moja hivi. Nyuma ya bamba kuna hita ndogo. Hotuba yangu yote ni juu ya hiyo hita.

Kuna kijana pale nyuma ananitazama kama anayesema: na hayo yananihusu nini? Toa simu yako. Kama kioo chake ni cha OLED, picha unayoiona inatoka kwenye matabaka ya kaboni yaliyopakwa kwa mvuke namna hii hii, ndani ya ombwe. Ching Tang na Steven VanSlyke wa kampuni ya Kodak, kule Rochester Marekani, walichapisha taa ya namna hiyo yenye matabaka mawili mwaka 1987. Matabaka ya kaboni ndani ya kioo kama hicho, ukiyajumlisha, huwa ni nanomita mia moja au mia mbili hivi, na juu yake kuna chuma cha kuleta umeme. Kilele kimoja kirefu kikichomoza pasipotakiwa, umeme hupita pale pale kwa njia ya mkato, na hapo panabaki doa jeusi. Kwenye transista ya pentasini, yaani swichi ndogo ya umeme, hali ni kali zaidi. Umeme wake haupiti katika unene wote wa utando. Unakimbia kwenye matabaka machache ya mwanzo, yale yanayogusana na kihami, na kila ufa kati ya fuwele na fuwele ni kama daraja lililobomoka barabarani.

Sasa tukubaliane neno mparuzo lina maana gani, maana kila mtu ana lake. Seremala hupitisha kiganja. Sisi tunapitisha ncha. Mwaka 1986 Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walitangaza hadubini ya nguvu za atomu, ambayo ni sindano kali mno kwenye ubao mdogo unaopinda, inayopapasa uso kama asiyeona anavyosoma maandishi ya nukta. Inakupa kimo cha kila nukta. Unatafuta wastani wa vimo hivyo, unachukua tofauti ya kila nukta na wastani, unazidisha kila tofauti kwa yenyewe, unatafuta wastani wake, kisha kipeuo cha pili. Namba inayotoka, kwa nanomita, ndiyo mparuzo. Ni namba moja kwa uso mzima, na kama namba zote za namna hiyo inaficha mengi: uso wenye vilima vingi vifupi na uso wenye mashimo machache marefu zinaweza kupata maksi sawa.

Tuitafutie namba hiyo kipimo cha kulinganishia. Fikirieni molekuli zisizo na miguu kabisa: kila moja hulala pale pale ilipoangukia, iwe bondeni, iwe kileleni. Ni bahati nasibu tupu. Hesabu za bahati nasibu zinatuambia kwamba ukishamwaga kiasi cha kutosha matabaka 25, mparuzo utakuwa kipeuo cha pili cha 25, yaani matabaka 5. Pentasini kwenye oksidi ya silikoni husimama wima, imeinama kidogo tu, na tabaka lake moja lina kimo cha nanomita 1.54. Tano zake ni karibu nanomita 8. Shikeni hilo. Ni mparuzo wa mtu aliyemwaga mchanga bila kusambaza: ukizidisha unene mara nne, mparuzo unazidi mara mbili. Kwa akili ya kawaida, uso wowote ambao molekuli zake zinaweza kutembea unapaswa kuwa laini kuliko huo. Nitawarudisha hapa baadaye, kwa sababu akili ya kawaida itatuangusha.

Basi, tuzipe molekuli miguu. Miguu yake ni joto. Molekuli ikishanata kwenye bamba haikai kimya. Inatetemeka, na mara moja moja inapata nguvu ya kuruka hatua moja pembeni. Bamba likiwa baridi, hatua ni chache. Likipata moto, hatua zinaongezeka, na haziongezeki kwa kujumlisha, zinaongezeka kwa kuzidisha. Sasa fikirieni abiria wanaoshushwa mmoja mmoja usiku kwenye stendi wasiyoijua. Waliochoka hukaa pale waliposhukia, na akija mwingine karibu wanaanza kikundi. Baada ya muda stendi nzima ina vikundi vya watu wawili watatu. Wenye nguvu huzunguka mpaka wakute kikundi kilichokwisha kuanza, wakajiunga. Asubuhi unakuta vikundi vichache vikubwa. Ndivyo visiwa vya pentasini vilivyo. Baridi huzaa visiwa vingi vidogo, joto huzaa vichache vipana.

Christos Dimitrakopoulos na wenzake wa IBM walionyesha mwaka 1996 jinsi jambo hili linavyoweza kufika mbali. Walipopoza bamba mpaka nyuzi 196 chini ya sifuri, baridi ya nitrojeni kimiminika, pentasini haikupanga fuwele kabisa. Kila molekuli iliganda ilipotua. Utando wa joto la kawaida la chumba ulipangika vizuri. Kwenye nyuzi 55 ulipangika pia, lakini ukawa na mipangilio miwili iliyochanganyika, na huo wa tatu nitaurudia. Ule wa baridi kali, kwa transista, haukufaa kitu. Nalisema hili mapema kwa sababu wanafunzi wangu huabudu ile namba ya mparuzo. Utando usiopangika unaweza kuwa laini kama kioo cha dirisha na bado umeme ukashindwa kupita. Ulaini si cheti.

Na miguu haiongezwi kwa joto peke yake. Mwaka 2001 Frank Meyer zu Heringdorf, Mark Reuter na Ruud Tromp, pia wa IBM, walifikisha fuwele za pentasini karibu na upana wa sehemu ya kumi ya milimita moja, kitu kinachokaribia kuonekana kwa jicho tupu, kwa kuuandaa uso wa silikoni na kumwaga molekuli taratibu. Abiria wakishushwa mmoja kwa saa, hata mchovu atawahi kuwafikia wenzake.

Huo ndio mlango wa kwanza, kutembea. Mkiishia hapo mtasema: basi pasha bamba, visiwa vitakuwa vipana, uso utakuwa tambarare, twende zetu. Tatizo linaanza kisiwa kikishakuwa kipana, na hapo ndipo ulipo mlango wa pili, kushuka.

Maana mvua ya molekuli haibagui. Kisiwa kikipanuka, nyingi zinaangukia juu yake, na hizo inabidi zishuke ili zijaze nafasi iliyo wazi chini. Wahenga walishasema, ukiupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mtazameni utingo juu ya lori lililojaa magunia ya mkaa. Akiwa katikati ya magunia anatembea bila taabu, kila hatua ina cha kukanyaga. Akifika ukingoni lazima ageuke, aning'inie, aachie magunia ya juu kabla unyayo haujagusa ardhi. Kuna nukta moja hapo katikati ambayo hana juu wala chini. Molekuli nayo, ikifika ukingo wa ngazi, inapoteza majirani wa juu kabla haijapata wa chini. Gharama ya ile nukta ndiyo kizingiti. Gert Ehrlich na F. G. Hudda walikigundua mwaka 1966 kwa kuzitazama atomu juu ya tungsteni, na mwaka huohuo Richard Schwoebel na Edward Shipsey wakaeleza kitafanya nini kwenye ngazi za fuwele. Ndiyo maana kizingiti hicho huitwa kwa majina ya Ehrlich na Schwoebel.

Atomu moja ni mpira mdogo, ukingoni inajiviringisha tu. Molekuli ya kikaboni ina umbo, na umbo ndilo linalofanya habari yetu iwe tofauti na ya wenzetu wa metali. Kuna dutu iitwayo heksafenili, pete sita za benzini zilizotungwa mstari mmoja kama shanga, ndefu kupita nanomita mbili na nusu. Gregor Hlawacek, Christian Teichert na wenzao wa Leoben na Graz, Austria, waliiotesha juu ya ulanga, wakapima vilima vilivyoota, na mwaka 2008 wakatoa namba ya kizingiti: elektronivolti 0.67, na elektronivolti ni kipimo cha nishati cha kadiri ya atomu. Molekuli inayoshuka ngazi yenye kimo cha wenzake waliosimama wima inabidi ijipinde, nusu iko juu, nusu inaning'inia. Ni utingo mrefu kwenye lori refu. Upande wa pili tuna C60, ile molekuli ya kaboni 60 yenye umbo la mpira wa miguu, mishono na yote. Sebastian Bommel, Stefan Kowarik na wenzao wa Ujerumani waliifuatilia kwa eksirei ikiota tabaka kwa tabaka, na mwaka 2014 wakatoa kizingiti chake: 0.11 tu.

Namba hizi mbili zina utamu ambao sitaki uwapite, kwa hiyo vumilieni hesabu moja. Uwezekano wa kuvuka kizingiti hupungua kwa ukali kadiri kizingiti kinavyozidi kimo cha nguvu ya joto, na nguvu hiyo kwenye nyuzi 27 ni elektronivolti 0.026 hivi. Pasha bamba kutoka nyuzi 27 hadi 67, kama mabamba yangu pale ukutani. Kwa C60, kile kipengele cha kizingiti kinakuwa chepesi mara 1.65. Kwa heksafenili kinakuwa chepesi mara 21. Joto ni lilelile, nyongeza ni nyuzi 40 zilezile, lakini mmoja hajasikia chochote na mwenzake amefunguliwa geti. Mtu akikuuliza nyuzi 40 zinabadilisha nini, mwulize kwanza molekuli yake ina umbo gani.

Halafu ongezeni hili. Joto lilelile linalolainisha kizingiti limekwisha kukipanua kisiwa kupitia mlango wa kwanza. Ukingo sasa uko mbali. Molekuli ya juu inarandaranda muda mrefu kabla ya kuufikia, na ikiwa njiani inakutana na wenzake walioanguka kileleni, wanakaa pamoja, wanaanza kisiwa juu ya kisiwa. Ghorofa ya pili inaanza kabla sakafu ya kwanza haijafungwa. Halafu ya tatu. Unapata vilima vyenye matuta ya duara yanayopungua kuelekea juu, kama keki ya harusi, na mabonde kati yake yanazidi kuwa marefu kwa kuwa hakuna anayeshuka kuyajaza. Kwa hiyo mlango wa kwanza na wa pili inavutana, na joto liko pande zote mbili za kamba.

Watu wa Leoben waliona kitu kimoja zaidi ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Tabaka la kwanza kabisa la heksafenili halisimami wima kama yanayofuata, limelala zaidi, kwa hiyo ngazi yake ni fupi na kushuka ni rahisi. Matabaka ya mwanzo yanajaa vizuri, uso unatulia, unadhani umefaulu. Kisha molekuli zinasimama, ngazi inarefuka, na vilima vinaanza. Aliyepima utando mwembamba na aliyepima mnene wanaweza kugombana mkutanoni, na wote wawili wako sahihi.

Mlango wa tatu sitauzungusha sana. Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba molekuli zingependa kutandaa, ila zinazuiwa. Zipo zisizopenda. Mwaga maji kwenye jani la jimbi uone kama yatatandaa. PTCDA ni dutu nyekundu ya jamii ya rangi za viwandani, na imechunguzwa mno juu ya uso wa fuwele ya fedha. Bamba likiwa chini ya nyuzi 80 hivi za Selsiasi, inajipanga tabaka juu ya tabaka, laini. Pita hapo, na inatandaza matabaka mawili tu, kisha kinachofuata kinajikusanya kuwa malundo marefu na kuacha uwanda mtupu katikati. Wabulgaria wawili, Ivan Stranski na Lubomir Krastanov, waliifikiria tabia ya aina hii mwaka 1938. Ulaini wa kule chini haukuwa utulivu bali kukosa miguu: molekuli zilitaka kulundikana, baridi ikazifunga. Uliposhusha pingu, zikafanya zilichokuwa zinakitaka. Hapa joto linaparuza, na kadiri linavyozidi linaparuza zaidi.

Na ule utando wa tatu wa Dimitrakopoulos, wa nyuzi 55? Hadithi ya pentasini ina nyongeza hii. Fuwele zake zina namna zaidi ya moja ya kusimama. Ile ya tando nyembamba ina tabaka la nanomita 1.54, ile ya donge kubwa imeinama zaidi, tabaka lake ni 1.44. Joto na unene huipa nafasi ile ya pili ikaota ndani ya ya kwanza. Ukiwa na matofali ya aina mbili yenye vimo tofauti katika ukuta mmoja, hata fundi wa namna gani hatapata mstari.

Sasa nawarudisha kwenye ule mparuzo wa bahati nasibu, matabaka 25, mparuzo 5. Nilisema molekuli zenye miguu haziwezi kufanya vibaya kuliko zisizo na miguu. Mwaka 2003 Arndt Dürr, Frank Schreiber na wenzao waliotesha dutu iitwayo diindenoperilini kwenye bamba la nyuzi 145, mahali ambapo molekuli zinatembea kweli kweli. Katika bahati nasibu tupu, mparuzo hukua kama unene uliopewa kipeo cha 0.5. Wao walipata karibu 0.75. Kwa maneno ya mtaani: ukizidisha unene mara nne, mparuzo haukuzidi mara mbili, ulizidi karibu mara tatu. Miguu ilileta hasara. Maelezo waliyopendekeza ni kwamba fuwele jirani zimeinamia pande tofauti, na sehemu moja ya uso ikaota kwa kasi isiyolingana na nyingine, pengo likajilisha lenyewe. Ni kama shamba lenye mistari miwili ya mihogo, mmoja umepata kivuli cha mwenzake. Hauwezi tena kuufikia. Mimi nilipoisoma kazi hiyo mara ya kwanza nilidhani wamekosea alama ya desimali. Hawakukosea.

Hapa naomba niwape mkosi wangu, kwa sababu vitabu havina sura ya mikosi. Nilikuwa mwanafunzi kwenye maabara moja ya ng'ambo, sitaitaja. Nikaotesha tando za pentasini kwa nyuzi 30, 40, 50, 60, 70, wiki tatu mfululizo, usiku na mchana, kwa sababu mashine ilikuwa ya watu wengi na zamu yangu ilikuwa saa za bundi. Picha zote zikatoka karibu sawa. Visiwa vilevile, mparuzo uleule. Nikaanza kuandaa hoja ya kishujaa kwamba joto halina athari yoyote kwa pentasini. Fundi mzee wa pale, ambaye hakuwa na shahada ya fizikia, akaja na kikombe chake cha kahawa, akatazama, akauliza swali moja: hicho kipimajoto umekifunga wapi? Thamokapo yangu ilikuwa imekazwa kwenye fremu ya chuma inayoshika bamba. Bamba lenyewe lilikuwa limeshikiliwa na vibanio viwili tu, pembeni. Akaninyooshea chupa ya chai iliyokuwa mezani, chupa ya kawaida ya kuhifadhi moto. Unajua kwa nini hii chai haipoi? Ombwe katikati ya kuta. Na wewe umeweka bamba lako wapi?

Sikuwa na jibu la kumpa. Fremu ilikuwa kwenye nyuzi 70, na kati yake na bamba hapakuwa na hewa ya kubeba joto. Kulikuwa na vidoti viwili vya mgusano na mnururisho hafifu. Bamba langu halikuwahi kufika kokote. Tukalibandika kwa gundi ya fedha, tukaweka thamokapo ya pili juu ya silikoni yenyewe, na tofauti ya namba mbili zile ilinifanya nikae chini. Tangu siku hiyo, nikisoma mahali pameandikwa joto la bamba, namba ya kwanza ninayoitafuta ni ile isiyoandikwa: lilipimwa wapi. Vijana mnaokwenda kufanya kazi hizi, na zipo, mkumbuke pia kikombe cha chini kina moto wake na kinamulika bamba muda wote unaomwaga.

Nimebakiza jambo moja la vioo vya simu, maana yule kijana bado ameshika simu mkononi. Utando wa OLED hautakiwi kuwa na fuwele. Unatakiwa uwe wa kigae, molekuli zimeganda ovyo lakini zimebanana, laini kote. Mtu angedhani basi baridi ndiyo dawa, gandisha tu kila kitu. Mark Ediger na wenzake wa Wisconsin walionyesha mwaka 2007 kwamba sivyo. Kila dutu ya namna hii ina joto ambalo chini yake inaganda kuwa kigae. Ukiliweka bamba karibu asilimia 85 ya joto hilo, ukihesabu kwa Kelvini, yaani nyuzi za Selsiasi ukijumlisha 273, unapata kigae kilichobana na kutulia kuliko ambacho ungekipata kwa kupoza kimiminika. Molekuli za uso, zisizofunikwa bado, ni nyepesi miguuni kuliko zilizo chini. Ukizipa joto kiasi zinatafuta pa kukaa vizuri kabla ya kuzikwa na wanaokuja. Ukizipa pungufu zinazikwa zilivyo. Ukizidisha, kigae chote kinalegea.

Chukueni NPB, dutu iliyotumika sana kwenye taa hizi. Huganda kuwa kigae kwenye nyuzi 95 za Selsiasi, yaani Kelvini 368. Asilimia 85 yake ni Kelvini 313, nyuzi 40. Hilo si joto la tanuri. Ni joto la mchana ambalo ndugu zetu wa Maskati wanalijua kila kiangazi. Mwaka 2018 watafiti wa Barcelona na Dresden walitengeneza taa za OLED kwa kuchagua joto la bamba kwa mantiki hiyo, na wakapata nyongeza ya zaidi ya asilimia 15 kwenye ufanisi na pia kwenye uhai wa taa. Dutu haikubadilishwa. Ni hita tu.

Haya, picha. Ziko hatua tatu kutoka hapa, njooni kwa zamu na mwacheni mama pale mbele atangulie. Msikimbilie kuuliza ipi inaonekana laini kwa macho. Hesabuni kwanza visiwa vingapi viko ndani ya mraba, kisha tafuteni kilima kimoja muhesabu matuta yake kutoka bondeni hadi kileleni, kila tuta ni nanomita 1.54. Mkishapata namba hizo mbili kwa A na kwa B, njooni mniambie ipi ni ya nyuzi 67, na mniambie mlango upi umewaambia. Vipande vyenyewe viko kwenye kisahani cha kioo. Tazameni, lakini kidole hapana: mafuta ya alama moja ya kidole ni manene kuliko utando wote.